Kufundisha Nishati kwa Mtambo Uliosimama: Mfano wa Somo kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi kata ya Kibingo, wilayani Kyerwa, nikimsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha somo la nishati. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri, sauti yake ilisikika hadi dirisha la mwisho, na maandalio yake yalikuwa kamili. Aliandika: "Nishati ni uwezo wa kufanya kazi." Wanafunzi wakasoma kwa pamoja mara tano. Kisha akauliza, "Umeme unatoka wapi?" Mtoto mmoja akajibu bila kusita, "Unatoka kwenye nguzo." Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Akasahihisha kwa maneno machache kwamba umeme hutoka kwenye maji, akaendelea mbele.

Hapo msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, nguzo imepita shambani kwetu, na maji ya mto yapo. Mbona sisi nyumbani tunawasha kibatari?" Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo halimo katika somo la leo. Keti."

Sikumlaumu sana mwanachuo huyo, kwa maana mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nami niliwakalisha wengi wenye maswali ya namna hiyo. Lakini tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, mtoto aliyesema umeme unatoka kwenye nguzo alisema alichokiona. Macho yake hayajapata kuona zaidi ya nguzo. Pili, msichana yule aliuliza swali kubwa kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na somo lilikuwa limeandaliwa bila nafasi ya kulipokea.

Makala haya yana shabaha ya kumwonyesha mwanachuo njia ya kufundisha nishati inayoanza na kitu cha kuonekana na kushikwa, na inayofika mpaka kwenye swali la msichana yule. Njia hiyo nimeiazima kutoka kwenye makumbusho ya nishati, yaani mahali ambapo kituo cha zamani cha umeme kimegeuzwa kuwa mahali pa kujifunzia.

2. Makumbusho ya nishati ni nini?

Kituo cha kufua umeme hakidumu milele. Mashine huchakaa, mafuta au makaa hupanda bei, au kituo kikubwa zaidi hujengwa na kile kidogo kikaachwa. Kwa kawaida mashine zilizoachwa huuzwa kama vyuma chakavu, na jengo likaota nyasi. Lakini katika baadhi ya nchi watu wamefikiri vingine: wameziacha mashine mahali pake, wakazisafisha, wakafungua milango kwa wanafunzi na wananchi.

Mfano mmoja mashuhuri uko Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Kando ya mto Tejo kipo kituo kilichoupatia mji huo umeme kwa kuchoma makaa ya mawe tangu mwaka 1909 hadi 1972. Mwaka 1990 kilifunguliwa kuwa makumbusho ya umeme. Mgeni anayeingia huyaona matanuri makubwa ya kuchemshia maji, na tanuri mojawapo limefunguliwa ili aone ndani yake: mahali moto ulipowaka, na mabomba ambamo maji yaligeuka mvuke. Kisha huiona mitambo iliyozungushwa na mvuke huo. Huelezwa pia habari za wafanyakazi waliopakia makaa na kuzoa majivu katika joto kali.

Mwanachuo atazame kwa makini faida ya mahali kama hapo. Kituo kinachofanya kazi hakimfundishi mtoto kwa urahisi. Kina kelele nyingi, kina hatari, na kila kinachozunguka kimefunikwa kwa chuma. Mgeni huona kuta na vipimo tu. Lakini mtambo uliosimama unaweza kufunguliwa. Mtoto huweza kuuliza, "Hiki kilikuwa kinafanya nini?" na mkubwa akamwonyesha kwa kidole. Tukitaka mtoto aelewe mashine, inatufaa kumwonyesha kwanza ile iliyotulia.

3. Mifano ya kwetu

Mwanachuo asidhani kwamba mambo hayo ni ya Ulaya peke yake. Hapa Tanzania tunavyo vituo vya zamani vyenye historia ndefu. Umeme wa kwanza Tanganyika uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wakoloni. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili za kugawa umeme, moja ya Dar es Salaam na wilaya yake, na nyingine ya sehemu nyingine za nchi. Baadaye ziliunganishwa, na kutokana nazo likapatikana shirika tunalolijua leo kwa jina la TANESCO.

Katika bonde la mto Pangani pekee mwalimu anaweza kuonyesha safari nzima ya maji na umeme. Mto Kikuletwa hushuka kutoka pande za Meru na Kilimanjaro, ukaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kipo kituo cha megawati 8. Kutoka hapo maji huendelea hadi Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza kazi miaka ya 1960, kisha hadi maporomoko ya Pangani. Hapo Pangani kilijengwa kituo katika miaka ya 1930, na katikati ya miaka ya 1990 kikajengwa kingine kipya cha megawati 68. Maji yale yale hufanya kazi mara kadhaa kabla ya kufika baharini.

Juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu, katika wilaya ya Hai, kipo kituo kinachotuhusu zaidi sisi walimu. Kituo cha Kikuletwa kilijengwa miaka ya 1930 na kikaacha kufua umeme miaka ya 1980. Hakikuachwa kiangamie. Kilikabidhiwa kwa Chuo cha Ufundi Arusha, na mahali hapo pamefanywa kuwa kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kama ile ya maji, jua na upepo. Mahali palipofuliwa umeme zamani sasa panafuliwa mafundi. Mwanachuo akipata nafasi ya kufika Kilimanjaro, na apaombe ruhusa apatazame kwa macho ya mwalimu.

Na karibu zaidi na Kibingo? Mpaka wa kaskazini wa wilaya ya Kyerwa ni mto Kagera. Upande wetu ni Murongo, na ng'ambo ni Kikagati ya Uganda. Hapo Kikagati palikuwa na kituo kidogo cha umeme wa maji kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya machimbo ya madini ya bati. Kituo hicho kiliharibiwa wakati wa vita vya mwaka 1979. Kwa miaka zaidi ya arobaini maji yaliendelea kupita pale pale bila kufanya kazi ya umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kituo kipya cha Kikagati–Murongo, chenye uwezo wa takriban megawati 14, kilianza kazi, na umeme wake ulikusudiwa kugawanywa nusu kwa nusu baina ya Uganda na Tanzania.

Basi mtoto wa Kibingo anayo historia nzima ya nishati karibu na kwao: kituo cha zamani kilichowashia machimbo, vita vilivyokizima, na kituo kipya cha nchi mbili. Hakuna jumba la makumbusho lililojengwa pale, lakini hilo halimzuii mwalimu. Jumba hilo atalijenga darasani.

4. Maswali manne ya makumbusho

Makumbusho mazuri hayarundiki vitu tu. Kila kitu kina kadi yake yenye maelezo. Katika njia ninayoipendekeza, kila kitu kinacholetwa darasani huulizwa maswali manne, nayo ni haya:

(a) Kinakula nini? Kibatari hula mafuta ya taa; jiko hula kuni; mwili wa mtoto hula ndizi na maharage; kituo cha Lisbon kilikula makaa; kituo cha Kikagati hula mwendo wa maji.

(b) Kinatoa nini? Mwanga, joto, mwendo, sauti au umeme.

(c) Kinapoteza nini? Hakuna kitu kinachotoa kazi yote iliyokusudiwa. Kibatari hutoa joto na moshi tusiouhitaji. Mafiga matatu huipasha joto hewa ya jikoni kuliko sufuria. Mashine hupata moto kwa msuguano. Nishati hiyo haikufa, imekwenda mahali ambapo hatukuitaka.

(d) Kinamfanyia nani kazi? Swali hili ndilo walimu wengi huliacha. Kituo cha zamani cha Kikagati kiliwafanyia kazi wenye machimbo. Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam uliifanyia kazi reli na nyumba za wakoloni. Jiko la mafiga humfanyia kazi jamaa nzima, lakini moshi wake huvutwa na mama na watoto walio jikoni.

Maswali matatu ya kwanza ni ya sayansi. La nne ni la sayansi na la maarifa ya jamii kwa pamoja. Mtoto anayejua kuyauliza yote manne hatakariri tena kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi kama anayekariri jina la mji asiopata kuuona. Ataona uwezo huo ukitoka hapa ukienda pale.

5. Mpangilio wa masomo

Ninashauri vipindi vinne vya dakika arobaini. Mwalimu anaweza kupunguza au kuongeza kwa kadiri ya darasa lake.

Kipindi cha kwanza: Kukusanya

Siku mbili kabla ya kipindi, mwalimu awaagize wanafunzi walete kutoka nyumbani kitu chochote kinachotoa au kilichowahi kutoa mwanga, joto au mwendo, kwa ruhusa ya wazazi. Vitakuja vibatari, taa za chemni zilizovunjika vioo, betri za redio zilizokwisha, tochi mbovu, jiko la mkaa lililotoboka, huenda hata karabai la babu. Vitu vibovu visikataliwe. Kitu kibovu ndicho kinachoweza kufunguliwa, kama ule mtambo wa Lisbon. Lakini betri zisipasuliwe, kwa sababu dawa iliyo ndani hudhuru ngozi na macho, na vibatari vije bila mafuta.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano au sita. Kila kikundi kipewe vitu viwili au vitatu na kijibu maswali manne kwa kila kitu. Majibu yaandikwe kwenye vipande vya maboksi, navyo ndivyo vitakuwa kadi za makumbusho. Mwalimu apite akisikiliza, asipite akisahihisha. Kikundi kikiandika kwamba betri "inakula umeme", asikifute. Aulize, "Kabla ya kuiweka kwenye redio, ilikuwa na nini ndani?" Mabishano yatakayozuka ndiyo somo lenyewe.

Kipindi cha pili: Maji yafanyayo kazi

Shabaha ya kipindi hiki ni mwanafunzi aweze kueleza, kwa mashine aliyoitengeneza mwenyewe, kwamba maji yanayoanguka kutoka juu zaidi hufanya kazi kubwa zaidi.

Zana ni hizi: kipande kinene cha kiazi kitamu kilichokatwa kwa duara, vipande vinane vya chupa ya plastiki vilivyokatwa kama mapanga madogo, spoku ya baiskeli, uzi, jiwe dogo, jagi na ndoo ya maji. Mapanga yachomekwe kuuzunguka ukingo wa kiazi kwa nafasi zilizo sawa. Spoku ipitishwe katikati na ikaze, isizunguke peke yake ndani ya kiazi. Ncha zake zishikwe juu ya vijiti viwili vyenye panda. Uzi ufungwe kwenye spoku na jiwe lining'inie.

Maji yamwagwe juu ya mapanga kutoka urefu wa shubiri moja, kisha kutoka urefu wa mkono mzima. Panga moja lipakwe alama ya chaki ili mizunguko ihesabiwe. Wanafunzi wataona gurudumu likienda kasi zaidi maji yanapotoka juu zaidi, na jiwe likipanda. Hapo mwalimu ataje jina: gurudumu la namna hiyo katika kituo cha umeme huitwa turbini. Jina lije baada ya kitu. Likija kabla, mtoto atalishika jina na kukiacha kitu.

Kisha mwalimu aoneshe hatua inayofuata. Ikipatikana baiskeli yenye dainamo, igeuzwe miguu juu, na mwanafunzi azungushe gurudumu kwa mkono. Taa itawaka. Ndani ya dainamo mna sumaku na nyaya nyembamba za shaba zilizoviringwa, na mojawapo inapozunguka karibu na nyingine, umeme hupita katika nyaya. Mashine kubwa ya kituo, iitwayo jenereta, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni ukubwa, na aliyeshika gurudumu: pale ni maji, hapa ni mkono wa mtoto.

Mwanafunzi aliyezungusha aulizwe alihisi nini taa ilipowaka. Atasema gurudumu lilikuwa zito zaidi. Jibu hilo ni la thamani kuliko kurasa tatu za maandishi, kwa maana amehisi kwa mkono wake kwamba mwanga haupatikani bure.

Kipindi cha tatu: Kufuata waya

Katika kipindi hiki darasa litoke nje. Iwapo laini ya umeme imepita karibu na shule, wanafunzi waifuate kwa macho wakiwa barabarani, wakichora ramani: nguzo, transfoma, waya zinazoshuka kwenye nyumba, mita ukutani. Mwalimu awakataze kabisa kugusa nguzo, kuvuta waya za kushikilia nguzo, kurusha kitu juu, au kusogelea waya uliodondoka. Wakiona waya chini, warudi nyuma na wamwambie mtu mzima. Umeme hauna harufu wala hauonyeshi hatari yake, na anayejifunza kwa kuugusa huenda asipate somo la pili.

Mwalimu aeleze kwa mfano wa njia. Umeme husafiri mbali katika waya za msongo mkubwa, kama volti 33,000, jinsi magari makubwa yanavyopita barabara kuu. Hauwezi kuingia nyumbani kwa msongo huo. Transfoma huupunguza hadi volti 230 zinazotumika katika taa na redio. Kwa hiyo nguzo za msongo mkubwa zinaweza kupita katika shamba la mtu bila yeye kupata umeme, kama barabara kuu inavyoweza kupita karibu na kijiji bila basi kusimama.

Hapo ndipo jibu la msichana wa Kibingo linapoanza. Ili taa iwake kwao, yahitajika transfoma iliyo karibu, nguzo ndogo na waya za kufika nyumbani, utandazaji wa nyaya ndani ya nyumba kwa usalama, mita, na fedha za kulipia kila mwezi. Kiungo kimoja kikikosekana, giza linabaki. Wanafunzi watafute katika ramani yao ni kiungo gani kinachokosekana katika nyumba mbalimbali. Majina ya familia yasiandikwe. Shabaha yetu ni kuelewa mnyororo, wala si kuonyesha nani ni maskini.

Kipindi cha nne: Kufungua makumbusho

Katika kipindi cha mwisho darasa lipangwe kama jumba la makumbusho, vitu vikifuatana kwa umri: mafiga, jiwe la kusagia, kibatari, karabai, betri, paneli ndogo ya jua ikipatikana, gurudumu la kiazi, dainamo, na mwishoni ramani ya waya. Ubaoni ichorwe picha kubwa ya mto Kagera, na hapo Murongo iandikwe historia fupi ya kituo cha zamani, mwaka 1979, na kituo kipya. Wanafunzi wawe ndio waelezaji, na wageni wawe darasa la nne na wazazi wawezao kufika.

Waalikwe pia wazee wawili au watatu. Bibi aliyesaga mtama kwa jiwe ajua habari za nishati ambazo hazimo katika kitabu chetu. Mzee akumbukaye vita, au aliyesikia habari za machimbo ya bati, ni sehemu ya makumbusho. Mwanafunzi mmoja wa kila kikundi aandike maneno yao. Lakini mwanafunzi amwamkie mzee kwanza kwa heshima ipasavyo kabla ya kumwuliza lolote, kwa Kinyambo akijua. Kujifunza kwa mzee huanza kwa salamu.

6. Hesabu ndogo za kuimarisha somo

Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa sayansi wakiwa mtu mmoja, kama ilivyo katika shule nyingi, aitumie nafasi hii.

Ndoo ya lita 20 ina maji ya uzito wa kilo 20. Ikianguka kutoka urefu wa meta 10, hutoa nishati ya jouli 2,000 hivi (20 × 10 × 10). Taa ndogo ya wati 3 hutumia jouli 3 kila sekunde. Kama nishati yote ingegeuka umeme, ndoo hiyo moja ingewasha taa hiyo kwa sekunde 667 hivi, yaani dakika 11. Kwa sababu ya upotevu, tuseme nusu tu imefika: ni dakika 5 na nusu. Mwulize mtoto ambaye hubeba ndoo kutoka mtoni kila siku: je, dakika tano za kusoma usiku ni chache au ni nyingi kwa ndoo moja? Kisha atazame mto, uletao ndoo zisizohesabika bila kubebwa na mtu.

Hesabu ya pili: dainamo ya baiskeli hutoa wati 3. Kituo cha megawati 14 hutoa wati 14,000,000. Tugawanye kwa 3, tutapata dainamo 4,666,667. Wangehitajika watu karibu milioni nne na laki saba wakizungusha bila kupumzika. Na Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, lina uwezo wa megawati 2,115, yaani mara 151 ya kituo hicho. Baada ya hesabu hizo tarakimu si tarakimu tu. Zina uzito, kwa maana mkono wa mtoto umekwisha kuuzungusha mtambo mmoja.

7. Makosa yanayotokea mara kwa mara

Kosa la kwanza ni mwalimu kutengeneza gurudumu nyumbani na kulileta likiwa tayari. Wanafunzi watashangilia, lakini watakuwa wameona mchezo wa mwalimu. Gurudumu la mtoto lililokwama lina faida kuliko la mwalimu lililozunguka, mradi mtoto apewe muda wa kutafuta kwa nini limekwama.

Kosa la pili ni kudharau vitu vya nyumbani. Mtoto akileta kibatari na mwalimu akasema hicho ni kitu cha kizamani, mtoto huyo hatazungumza tena siku hiyo, kwa sababu usiku uliopita alisomea kibatari hicho hicho. Katika makumbusho hakuna kitu cha aibu.

Kosa la tatu ni kuahidi. Mwalimu akiulizwa umeme utafika lini, asibuni tarehe ili kuwafurahisha watoto. Aseme ajualo, na lile asilolijua awaongoze wanafunzi kuandika barua ya heshima kwa ofisi ya kijiji au ya shirika la umeme ili waulize. Barua hiyo ni somo la Kiswahili lenye maana.

Kosa la nne ni kuwapeleka wanafunzi mtoni au kituoni bila maandalizi. Mto Kagera una kina, una viboko na mamba. Kituo cha umeme nacho kina sheria zake. Pasipo kibali cha maandishi kutoka kwa wenye kituo, idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na walimu wa kutosha, safari isifanyike. Picha ya ubaoni yenye maswali mazuri hufaa kuliko safari ya hatari.

8. Hitimisho

Nilirudi katika shule ile ya Kibingo wiki tatu baadaye, mwanachuo yule akiwa amekwisha kujaribu sehemu ya mpango huu. Makumbusho yake yalikuwa madogo: madawati mawili yaliyounganishwa, vitu tisa, na kadi zilizoandikwa kwa mkaa. Msichana wa karibu na mlango alikuwa mwelezaji wa ramani ya waya. Akaonyesha kwa kijiti, "Hapa ni mto. Hapa ni kituo. Hapa ni transfoma, iko karibu na duka. Kutoka transfoma mpaka kwetu zinahitajika nguzo nne, na hakuna hata moja." Kisha akanitazama, akaongeza, "Sasa najua tukiuliza, tuulize nini."

Nyumbani kwao bado palikuwa na kibatari. Somo halikuleta nguzo hata moja, na mwanachuo asidhani kwamba somo huleta nguzo. Lakini mtoto aliyeambiwa akae sasa alikuwa amesimama, naye alijua mnyororo mzima na mahali ulipokatika.

9. Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

(i) Taja vitu vitano vinavyopatikana katika kijiji chako ambavyo vyafaa kuwekwa katika makumbusho ya nishati. Kijibie kila kimoja maswali manne.

(ii) Mwanafunzi anasema, "Umeme unatoka kwenye nguzo." Andika maswali matatu utakayomwuliza ili ajisahihishe mwenyewe, bila kumwambia amekosea.

(iii) Je, ni haki kulifundisha swali la nne, "Kinamfanyia nani kazi?", katika somo la sayansi? Toa sababu za kukubali na za kukataa.

(iv) Tafuta katika wilaya yako mashine moja iliyoachwa kufanya kazi: kinu cha kukoboa kahawa, pampu ya maji au jenereta. Andika maandalio ya kipindi kimoja ukiitumia kama zana, na ueleze hatua za usalama utakazochukua.